Jibu Kutoka Nyuma ya Matete

Mikono miwili ilipenya kwenye upenyo wa matete, viganja juu, ikamngoja mwanangu. Ilikuwa mikono ya mke wa mwalimu, mwanamke mwema, sina ugomvi naye. Upande wa pili, ndani ya kanisa, mchungaji alikuwa amefungua kitabu chake cha ibada kwenye ukurasa wa ubatizo. Mume wangu amesimama kushoto kwake anatazama vidole vya miguu. Kulia kwake amesimama mzee wa kanisa, ameshika bakuli la maji kwa mikono yote miwili. Mzee huyo ni baba mkwe wangu, na kwa sababu yake mimi nilikuwa nje barazani, nyuma ya ukuta wa matete, pamoja na wanawake wanne ambao nao walikuwa na wakwe zao ndani.

Kazi yangu siku ile ilikuwa kumpitisha mtoto kwenye upenyo, kama mama mfinyanzi wa Kikisi anavyompa mnunuzi chungu sokoni Mwaya, kisha nikae kimya. Mke wa mwalimu ambebe hadi mbele. Mchungaji aulize, "Mnamleta mtoto huyu kwa Mungu kwa hiari yenu?" Mke wa mwalimu ajibu badala yangu. Baadaye nirudishiwe mtoto akiwa na maji kichwani na jina jipya, nishukuru.

"Mlete," mke wa mwalimu akaninong'oneza.

Mtoto alikuwa ananyonya. Alikuwa na miezi mitatu na alinishika kidole kwa nguvu. Nikaitazama ile mikono, nikajikuta siwezi. Mchungaji, akidhani mtoto yuko njiani anakuja, akauliza swali lake. Mke wa mwalimu hakuwa na mtoto wa kujibia.

"Ndiyo, namleta," nikasema. Sikupiga kelele, ila nilifundishwa kusoma kwa sauti ya kufika nyuma ya darasa, na sauti ile haijaniacha. "Nimemzaa mimi, na niko huku nje namnyonyesha. Kama swali ni la mama yake, mama yake ndiye anayejibu."

Kwa msomaji ambaye si wa huku kwetu lazima nieleze nilifanya nini, maana kwingine ningekuwa nimejibu tu swali la kanisani. Kwetu mwanamke aliyeolewa humkwepa baba wa mumewe. Hamtazami, hamkaribii, hali naye, hamsemeshi, wala halitaji jina lake. Twaita kutila, na hatufundishwi kwa fimbo, tunakua tukiwaona mama zetu wanavyofanya. Jina la mzee huyu sijalitamka tangu nilipoolewa na sitaliandika hapa. Na kwa kuwa lake siandiki, sitaandika la mtu mwingine yeyote, tuwe sawa.

Kwa hiyo mzee aliposikia sauti ya mke wa mwanawe ikimpita sikioni, alifanya kile ambacho kila mwanamume mwenye adabu angefanya. Aligeuka, akauelekea ukuta. Alisahau kwamba ana bakuli. Nusu ya maji ilimwagikia viatu vya mchungaji. Nyuma yangu mwanamke mmoja aliuma nguo yake asicheke, akashindwa.

Mchungaji akafunga kitabu. Baada ya ibada ikaja hukumu, ikaletwa na mume wangu kwa sauti ya mtu anayebeba yai. Mtoto hatabatizwa mpaka nisimame mbele ya wazee nitubu. Mimi mwenyewe nisikaribie meza ya Bwana mpaka hapo.

"Ungeniambia kwanza," mume wangu akasema.

"Ningekuambia, ungeniomba nisubiri."

Alijua ni kweli. Mume wangu ni seremala wa misheni. Anaweza kukaa na ubao mmoja siku mbili kabla hajaugusa na randa.

Lakini hukumu ile haikuwa ya mchezo. Yalikuwa majira ya mvua kubwa, maji yamejaa mpaka nyuma ya nyumba, na Bujonde yetu nzima ilikuwa inatetemeka kwa homa. Mwezi uliotangulia tulizika watoto wawili. Mmoja alikuwa amebatizwa, akapigiwa kengele, akaimbiwa, akalazwa kwenye uwanja wa misheni. Mwingine hakubatizwa. Babu yake alimzika nyuma ya migomba, na mchungaji hakuja. Kila usiku nilipogusa paji la uso wa binti yangu nilijua ni kengele gani nagombea. Na bado nilijua kwamba sitatubu, kwa sababu sikuwa na la kutubia.

Sasa niseme habari za mchungaji, nisije nikadhaniwa nina chuki naye. Kitabu alichokifunga siku ile nakijua kuliko wazee wote wa kanisa lake. Nilikuwapo kilipokuwa kinaandikwa.

Alipofika hapa nilikuwa msichana mdogo. Alikuja na kinanda ndani ya sanduku, watu sita wakakibeba kutoka ufukweni. Aliamini kwamba ibada ni kinanda, kusimama, na nyimbo za kwao zikipimwa kwa kidole. Kinanda kilidumu masika moja. Unyevu wa Kyela ulikiingia, mbao zikavimba, kitufe kimoja kikibonyezwa hakirudi juu, na wimbo mzima ukawa unalia kama ndama aliyenasa. Mwanzoni alihuzunika. Halafu akafanya jambo lililonifanya nimheshimu. Akaenda kukaa mashambani, kwenye kivuli, akasikiliza wanawake wanavyoimba wakati wa kupalilia mpunga, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Baada ya miezi kadhaa zaburi zikawa zinaimbwa hivyo kanisani, kikongwe mmoja akianzisha, sisi tukiitikia, na kinanda kikawa meza ya kuwekea taa.

Ndivyo alivyokuwa. Alikosea, kisha akauliza. Mwaka wake wa kwanza aliadhimisha shukrani ya mavuno katika mwezi wanaoadhimisha kwao, wakati ghala zetu zimebaki vumbi. Akatusihi tulete matunda ya shamba. Watu walileta ndizi mbili tatu kwa huruma. Mwaka uliofuata aliihamisha sikukuu mpaka mpunga unapokatwa, na kanisa likajaa mpaka watu wakakalia vikapu vyao. Alituamuru tusimame wakati wa kuomba, akaona wanawake wanachuchumaa, akadhani ni uvivu. Alipoelezwa kwamba kwetu mwanamke anayemsimamia mkubwa wima kama mlingoti anamtukana, akaandika kitabuni: wanaume wasimame, wanawake wachuchumae kama walivyozoea. Kila badiliko aliliandika kwa mkono wake, kwa wino mweusi, na lililoondolewa alilipiga mstari mmoja ulionyooka.

Nilimaliza shule ya kijiji, nikapelekwa shule ya juu ya misheni, wasichana watatu tu katikati ya wavulana. Niliporudi akaniweka barazani kwake kila Alhamisi, kumsaidia maneno. Yeye anasoma kwa Kidachi chake, yaani Kijerumani, anageuza kwa Kinyakyusa, mimi namwambia kama mtu wa Talatala, nilikozaliwa, angesema hivyo au angecheka. Mara nyingi angecheka.

Siku moja aliniuliza kwa nini wake vijana hawanywi kikombe. Wanakuja mpaka karibu na meza, halafu wanarudi. Alikuwa ameandika hata mahubiri juu ya kutoamini kwao. Nikamwambia hawana tatizo na imani. Kikombe kilikuwa kimoja, na baba wakwe wamekwisha kukinywea. Kisha akaniuliza mimi ningefanyaje. Nikasema, weka vikombe viwili, na wanawake wawe na mlango wao. Kabla ya mavuno fundi alikuwa amekwisha kutoboa mlango upande wa ziwa. Meza ya Bwana ikajaa wake vijana, na mchungaji akasimulia jambo lile kwa fahari kwa kila mgeni aliyeteremka melini. Hakunitaja. Sikujali, nilikuwa nakunywa kikombe.

Hata lile swali la ubatizo ni kazi ya barazani pale. Kitabu cha kwao kilimuuliza baba peke yake. Nikamwambia kwamba mtoto hubebwa na wawili, mmoja tumboni na mmoja mabegani, basi aulize wawili. Akatabasamu, akaandika "mnamleta" na "yenu." Nikaona wino ukikauka. Nilikuwa bado sijaolewa, lakini nilikwisha kujisikia nikilijibu swali lile mtoto akiwa mkononi.

Kilichoharibu kazi ni bakuli. Mchungaji aliamua kwamba beseni lake la bati halina heshima, akanunua bakuli la udongo kwa Wakisi, zuri, jembamba mdomo, na akaona vema mzee mmoja wa kanisa alishike badala ya kuliweka kwenye kigoda. Hapo nilikuwa nimeolewa, Alhamisi zangu zimekwisha. Mzee aliyechaguliwa ni baba mkwe wangu, kwa sababu mikono yake haitetemeki. Ndipo wakagundua kwamba wake wa wanawe hawawezi kufika mbele. Mchungaji akaitisha baraza. Wazee saba, wote wanaume, wakapata suluhisho kabla uji haujapoa: ukuta wa matete barazani, wake wakae nje, mtoto apitishwe, mwingine ajibu. Wakaandika kitabuni. Wakaiita heshima ya desturi.

Na mchungaji aliamini. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu aliyekaa shambani miezi akisikiliza wanawake wakiimba, safari hii hakumuuliza mwanamke hata mmoja.

Wiki mbili baada ya hukumu mama mkwe alinikuta natwanga mpunga. Ni mwanamke anayezunguka neno kama kuku anavyozunguka yai.

"Ndaga, mwanangu."

"Ndaga, mama."

Akakaa kwenye kinu kilicholala. Akasifu mpunga. Akamchukua mtoto, akamnusa kichwa, akasema hana homa leo. Kisha akasema kwamba baba yetu aliaibika sana kanisani. Nikamwambia najua, na kwamba kwake yeye peke yake naomba radhi. Akaitikia kwa kichwa. Akasema tena kwamba baba yetu analalamika bakuli lile ni zito.

"Zito vipi, mama? Si udongo tu."

"Anauliza," akasema, akimfuta mtoto mate, "kwa nini hakuna aliyemwambia yeye atoke."

Nilisimamisha mchi hewani.

Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kuwa kipofu. Kutila si kazi ya mwanamke peke yake. Baba mkwe wangu hajapata kukaribia nyumba yetu bila kukohoa tangu kwenye mto, kikohozi cha mtu mwenye mapafu mazima, ili nipate nafasi ya kuondoka au kujifunika. Mwaka nilipokuwa na mimba ya huyu binti tulikutana kwenye tuta la shamba la mpunga, maji kushoto, maji kulia. Mimi nina mtungi kichwani na tumbo mbele. Siwezi kugeuka, siwezi kuchuchumaa. Nilifumba macho. Nikasikia chubwi. Nilipofumbua, tuta lilikuwa tupu, na mzee alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, na shuka lake jeupe la kwenda barazani kwa chifu, amenipa mgongo, anatazama milima kama mtu aliyesimama pale kwa starehe zake. Nilipita. Hatujalisema jambo lile mpaka leo, na hatutalisema.

Hiyo ndiyo desturi. Anayeweza kusogea ndiye anayesogea. Mwenye mzigo hupita. Kanisani mwenye mzigo ni mimi, na mwenye kitu cha kuwekwa chini ni yeye. Wazee saba na mchungaji wao walikuwa wamelinda nusu ya desturi na kuitupa nusu yao wenyewe.

Nikamaliza kutwanga. Sikuwa na hasira tena ya kutetemesha mikono. Nilikuwa na hasira ya kuandikia.

Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu baraza la wachungaji hukutana kituo cha mbali, na mwenyekiti wao hajui Kinyakyusa. Niliandika mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa matusi. Ya pili ilikuwa mahubiri. Ya tatu ilikuwa malalamiko. Mume wangu akaisoma, akakaa nayo kama anavyokaa na ubao. Nikangoja aniambie nisubiri.

"Hii haitoshi bila baba," akasema.

Basi tukafanya hivi. Asubuhi nikaiweka karatasi juu ya kigoda uani, pamoja na kalamu na wino, nikaweka jiwe dogo isipeperuke. Nikambeba mtoto, nikaingia migombani. Nikasikia kikohozi kutoka mtoni. Nikasikia mume wangu akimsomea baba yake maneno yangu, neno kwa neno, na sauti yake ilikuwa imenyooka kuliko nilivyowahi kuisikia. Palipofika habari ya tuta, maana nilikuwa nimeiandika, akasita. Mzee akamwambia aendelee. Kisha kikohozi kingine kikaondoka kuelekea mtoni. Nilipotoka, chini ya jina langu kulikuwa na msalaba mkubwa, wino umezidi, umeingia mpaka kwenye mstari wa juu.

Kanuni ya misheni inasema malalamiko yapitie kwa mchungaji wa mahali, hata kama ni juu yake. Nikampelekea mwenyewe, mtoto mgongoni. Alikuwa barazani pale pale, kitabu cha ibada mbele yake. Hatukuwa tumeonana kwa karibu tangu siku ya viatu. Alinitazama kama anayetazama mtu aliyerudi kuomba msamaha, akanivutia kigoda. Nikamkabidhi karatasi nikiwa nimesimama wima. Aliona nimesimama, na maana yake aliijua. Ameiandika mwenyewe.

Akasoma. Akarudia. Akaniuliza nani amenisaidia kuiandika.

"Wewe, Bwana Mchungaji. Alhamisi zote zile."

Masikio yake yakawa mekundu. Akasema taratibu kwamba ningeweza kumwambia kwa mdomo, angesikiliza. Nikamwambia nilimwambia kwa mdomo, kupitia matete, mbele ya kanisa zima, na alifunga kitabu. Akasema wazee walikubaliana. Nikamwambia atazame msalaba ule ni wa nani. Akauinamia. Alipotambua, aliweka mkono juu ya karatasi, akauacha pale.

"Nikiipeleka," akasema, "wataniuliza kwa nini sikuona."

"Uwaambie hukuuliza."

Alichukua kalamu, akaandika pembeni kwamba amepokea na anapeleka bila kubadili neno, akatia sahihi, akaitia kwenye mfuko wa tarishi mbele ya macho yangu. Nakala niliyobaki nayo ni hii:

*Kwa Mwenyekiti na Baraza la Wachungaji.*

*Mimi ni mke wa seremala wa misheni, Mkristo niliyebatizwa, nimesoma shule yenu ya juu. Naleta malalamiko juu ya kanuni ya ubatizo inayotumika katika kanisa letu, na juu ya adhabu niliyopewa kwa kuivunja.*

*Kanuni inauliza wazazi wawili. Kisha inamweka mama nje nyuma ya matete, ili mzee anayeshika bakuli asikutane na mke wa mwanawe, na inamtia mwanamke mwingine mdomoni mwake. Inasemwa kwamba hii ni desturi yetu. Si desturi yetu. Kwetu baba mkwe naye hukwepa. Hukohoa, hupisha njia, na mzee huyu mwenyewe alishuka kwenye tope ili nipite na mtungi. Mtu aliyeshuka topeni kwa ajili ya mtungi hatashindwa kutoka kanisani kwa ajili ya mjukuu wake. Hajaulizwa. Sasa ameulizwa, na alama yake iko chini.*

*Naomba iandikwe hivi kitabuni: Mama anapoleta mtoto, mzee ambaye ni mkwe wake ataliweka bakuli juu ya kigoda, atatoka kwa mlango wa wanaume, na atarudi ubatizo ukiisha. Mama ataingia kwa mlango wake, atasimama mbele na mumewe, atajibu kwa kinywa chake.*

*Naomba adhabu yangu ifutwe, kwa kuwa niliulizwa nikajibu.*

*Mtoto wangu ana miezi minne, na haya ni majira ya homa. Akifa kabla hamjakutana, naomba baraza liandike kwamba mama yake alimleta, na kwamba jibu lilisikika.*

*Sitatubu. Nitakuwa mlangoni kila Jumapili, mlango wa upande wa ziwa, nikiwa naye mkononi.*